Haki ya Kutazama Juu

Vasugi alianguka akiwa anatazama mbayuwayu. Hilo hakulificha hata siku moja, ingawa mumewe alimsihi sana alifiche.

Ilikuwa Ijumaa jioni, jua limelegea juu ya mapaa ya mji wa Teluk Intan. Alikuwa anatoka hekaluni na kikapu kitupu, makoja yote ya asumini yameuzwa, vidole bado vinanukia. Kwa miaka ishirini na mitatu alikuwa akifunga maua kwenye baraza ileile ya maduka, na nyayo zake ziliijua njia kuliko macho. Juu, mbayuwayu walikuwa wanarudi kwenye majumba yasiyo na madirisha, waliyojengewa ili viota vyao vivunwe, maelfu kwa maelfu, wakizunguka kama moshi unaokorogwa na mwiko. Akainua uso. Akapiga hatua moja, akapiga ya pili. Ya tatu haikukuta kitu.

Kuanguka kulichukua muda mrefu, au ndivyo alivyoona. Aliiona sari yake ikifunguka taratibu kama ua la majini, akakiona kikapu kikielea kando yake, akajiambia kwa utulivu kabisa: kumbe chini ya hapa pana chini nyingine. Kisha akawa amelala kwenye mfereji wa mvua, kina chake kikimzidi mtu mzima, maji baridi yakipita nyuma ya shingo. Hakusikia maumivu. Kuta zilikuwa na ukungu wa kijani, laini kama mahameli, na mbingu ilikuwa utepe mwembamba ambao ndege waliuvuka mmoja mmoja. Alijiona mtoto mchanga tena, mama yake anamwogesha.

Uso wa Mzee Ah Hock, mwenye mkahawa wa pale kona, ukajitokeza kwenye ule utepe.

"Usiende popote!" akapiga kelele.

"Niende wapi, mzee?" akajibu Vasugi. Na hapo ndipo maumivu yalipofika.

Paja lilikuwa limevunjika, na kifundo cha mkono wa kulia kilivunjika mahali patatu. Hospitalini walimpa dawa zilizomfanya aelee. Kila alipofumba macho aliuona mkono wake wa kulia ukitoka ndani ya plasta, ukaketi dirishani na kuanza kazi: ua, uzi, fundo, ua, uzi, fundo. Koja lilirefuka likatoka dirishani, likapita juu ya barabara, likaelekea mtoni. Alipozinduka alipapasa shuka akitafuta maua yaliyobaki.

"Wewe na ndege wako!" Maniam, mumewe, alimfokea huku akimmenyea chungwa na kumlisha kipande kimoja kimoja. "Mtu mzima unatembea kama mtoto anayefukuza tiara!"

"Kweli," alisema Vasugi. "Nimejitakia."

Siku ya nne akaja mgeni, Bwana Foong, kutoka kampuni iliyokuwa ikijenga hoteli pale kona. Alileta matunda kwenye kikapu kilichofungwa kwa nailoni inayong'aa, na karatasi moja.

"Mama, kampuni imesikitika sana," alisema kwa sauti ya kubembeleza. "Bili ya hapa tutasaidia. Wewe weka tu dole gumba, la kushoto halina neno, mambo yaishe upumzike."

Maniam alikuwa ameshaushika mkono wa mkewe kuupeleka kwenye wino.

"Nisomee kwanza," alisema Vasugi.

Bwana Foong akasoma haraka haraka. Kwamba mwanamke huyu ameanguka kwa uzembe wake mwenyewe. Vasugi akatikisa kichwa kukubali. Kwamba kifuniko cha chuma cha mfereji kilikuwa mahali pake. Vasugi akafumbua macho.

"Rudia hapo."

Akarudia.

"Kifuniko hicho nakijua," alisema Vasugi polepole, kama anayesimulia ndoto kabla haijamtoroka. "Ukikikanyaga kinalia. Kimelia chini ya mguu wangu miaka ishirini na mitatu. Siku ile hakikulia."

"Ulikuwa na maumivu, mama. Pengine hukumbuki vizuri."

"Maumivu yalikuja baadaye." Akaurudisha mkono wake chini ya shuka.

Bwana Foong aliondoka na karatasi yake, matunda akayaacha. Maniam aliyala kwa hasira siku tatu mfululizo.

Mzee Ah Hock ndiye aliyewaelekeza kwa wakili. Ofisi ya Tan Siok Peng ilikuwa ghorofani, juu ya daktari wa meno, na Vasugi na magongo yake hakuweza kupanda. Basi wakili mwenyewe akashuka na daftari, msichana mwembamba mwenye miwani, akaketi kwenye ngazi ya mwisho kana kwamba ndiyo ofisi yake ya kila siku.

"Akka," alisema, maana kwake Vasugi alikuwa sawa na dada mkubwa, "niambie ulichokuwa unafanya."

"Nilikuwa natazama ndege."

"Vizuri."

"Vizuri vipi, mwanangu? Si ndilo kosa langu hilo?"

"Hapo watu ndipo wanapochanganya mambo," alisema Siok Peng. "Tunauliza kwanza: nani alifungua shimo mahali watu wanapopita? Huyo ana wajibu. Azungushe uzio, aweke alama, akishindwa kabisa amsimamishe mtu. Tukishamjua huyo ndipo tunauliza kama na wewe ulichangia. Ikionekana ulichangia kidogo, fidia inapunguzwa kidogo. Haifutwi."

"Haifutwi?"

"Haifutwi, akka. Mtu hapotezi haki yake yote kwa kuwa alisahau kutazama chini."

Nyuma ya ukuta ilisikika mashine ya daktari wa meno ikiimba kama nyenje wa mchana. Maniam, aliyekuwa amesimama mlangoni, akauliza, "Na kama angetia dole lile?"

"Tungekuwa na mlima wa kupanda. Ndiyo maana huwa wanakuja mapema, mtu bado ana usingizi wa dawa. Na sheria nayo ina kalenda yake. Ukikaa miaka mingi, mlango unafungwa. Nyinyi mmewahi."

"Hiyo fidia," aliuliza Vasugi, "itanirudishia mkono?"

Siok Peng alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati. "Sitakudanganya. Sheria haina mkono wa kumpa mtu. Inachoweza ni kumwambia aliyekuumiza: mzigo huu ni wako, ubebe. Matibabu, kazi uliyokosa, maumivu. Ni hayo tu."

"Si haba," alisema Vasugi. Alijishangaa kusikia machozi yakimshuka. Tangu aanguke, ilikuwa mara ya kwanza mtu kumwambia kuwa mzigo ule ungeweza kuwa wa mwingine.

Kesi ilisikilizwa baada ya mwaka na ushei. Asubuhi hiyo, njiani, Maniam alimvuta sari.

"Sema ulikuwa unatazama chini. Neno moja tu. Nani atajua?"

Vasugi akauchomoa upindo mkononi mwake, akaendelea na safari. Chumbani mahakamani feni zilizunguka taratibu, karatasi zikipumua juu ya meza, na sauti za mawakili zilimjia kwa mbali kama zinatoka ng'ambo ya mto. Alipopanda kizimbani, wakili wa kampuni akamkaribia kwa adabu.

"Bi Vasugi, wakati unaanguka, macho yako yalikuwa wapi?"

"Juu."

"Juu wapi?"

"Kwa mbayuwayu."

"Kwa hiyo hukuangalia unakokwenda."

"Sikuangalia," alisema Vasugi. "Njia niliiamini."

Maniam akajifunika uso kwa viganja. Wakili akakaa, akijiona ameshamaliza kazi.

Akaitwa Mzee Ah Hock. Alieleza kuwa asubuhi ya Ijumaa ile aliwaona mafundi wa hoteli wakiking'oa kile kifuniko kwenda kukichomelea. Yeye akachukua kiti chake chekundu akakiweka juu ya shimo, ili watu walione. Mchana, mafundi wakakiondoa ili toroli lipite.

"Hawakukirudisha?" aliuliza Siok Peng.

"Kurudisha? Mmoja alikikalia akivuta sigara! Na mguu wamekivunja. Mpaka leo kinayumba."

Watu wakacheka, na hata hakimu aliinamia daftari lake kidogo.

Hukumu ilisomwa wiki sita baadaye. Hakimu alisema njia ya miguu haikujengewa watu waangalifu peke yao. Hupitiwa na aliyebeba mzigo asioweza kuona mbele yake, na mzee wa macho hafifu, na mtoto anayekimbia, na anayetazama angani. Aliyefungua shimo alipaswa kuwafikiria wote hao. Hata hivyo, mdai naye alikuwa na macho, na ana sehemu yake. Akaigawa lawama mafungu matano: manne kwa kampuni, moja kwake.

Nje, Maniam alikuwa anafura. "Ungesema ulitazama chini, tungepata yote!"

"Hilo moja ni langu," alisema Vasugi. "Niliwatazama mwenyewe, na nilifurahi. Hilo simdai mtu."

Fidia ile ililipa madeni ya matibabu na ikamwezesha kwenda kwenye mazoezi ya mkono, mara mbili kwa wiki. Alifinyanga donge la udongo laini, akaokota maharage, akafunga na kufungua vifungo vya shati kuukuu la Maniam. Vidole viwili havikupona sawasawa. Vilikuwa kama watu waliolala vibaya, wanaamka kwa shida. Ilibidi vile vingine vijifunze kazi ya wenzao.

Koja la kwanza lilimchukua asubuhi nzima. Halikuzidi urefu wa mkono wake, mafundo yamepishana, hapa maua yamebanana, pale uzi uko wazi. Mwalimu mmoja aliyepita alitaka kulinunua. Vasugi akakataa.

Akalipeleka kwa Siok Peng, akipanda zile ngazi moja baada ya nyingine, ameshika ukuta. Akamkuta na mwanamume mmoja aliyefungwa bandeji mguuni, karatasi iko mezani kati yao. Alimvisha wakili lile koja shingoni, akaenda kuketi kwenye kiti cha karibu na dirisha ili apumue.

"Asante, ak—" alianza Siok Peng, akapiga chafya. Akapiga ya pili. Macho yakamjaa machozi.

"Maua yanakudhuru?" aliuliza Vasugi kwa hofu. "Livue, mwanangu!"

"Livuliwe na nani? Kaa," alisema Siok Peng, akipenga kamasi. Akaisogeza ile karatasi karibu na miwani yake na kumgeukia yule mwanamume kama kaka yake mkubwa. "Tuanze na mstari wa kwanza, abang. Nitausoma polepole."