Urefu wa Baba Mkwe

Mume wangu Toktosun alirudi kutoka mjini Naryn na darubini ya bunduki, na tangu siku hiyo hapa malishoni hakuna ajuaye kitu ila yeye. Mbwamwitu alikuwa ameshakula watoto wawili wa farasi wetu. Alibaki wa tatu, wa siku nne, na bila yeye mama yake asingetoa maziwa.

"Sasa hatubahatishi," alisema. "Ndani mna mistari. Mtu wa mita moja na sabini akisimama mbali, unaweka miguu yake mstari wa chini, kichwa kinagusa mstari wa juu penye namba ya umbali. Hata wewe ungeelewa."

Nikamshukuru kwa kuniamini hivyo.

Mbwamwitu hupitia kwenye jiwe jeusi ng'ambo ya kijito. Toktosun akamtuma baba yake, mzee Asanaly, asimame pale apimwe. Mzee ana mita moja na sabini kamili, jeshini walimpima. Akaenda, akasimama wima, na kalpaki kichwani, ile kofia yetu ndefu ya sufu.

Toktosun akachungulia. "Mia tatu na hamsini."

"Umempima na kofia," nikasema.

"Kwa hiyo?"

"Kofia ni shibiri nzima. Imemrefusha, ndiyo maana unamwona yuko karibu. Mwambie aivue."

"Nimwambie baba avue kalpaki? Mbele ya mkwewe? Bibie, unataka nilaaniwe?"

"Basi punguza kwenye hesabu."

"Baba hapunguzwi."

Alfajiri mbwamwitu akasimama pale pale. Toktosun akaweka mia tatu na hamsini, akafyatua. Vumbi likaruka chini ya tumbo la mnyama. Akatutazama kidogo, akaenda zake. Baadaye nilihesabu kwa hatua, maana mimi sina darubini: mita mia nne.

"Upepo," alisema mtaalamu wetu.

Siku ya pili huo upepo ukamla mtoto wa farasi.

Tulichuna kilichobaki. Nikaijaza ngozi majani makavu, kama walivyofanya mama zetu, nikaisimamisha mbele ya farasi mama yake. Akainusa, akailamba masikio. Maziwa yakashuka. Toktosun alisimama nyuma yangu. Tangu asubuhi nilikuwa nimemwandalia maneno makali, na hata moja halikutoka. Nilikamua huku nalia, na yule mama akaendelea kumlamba mwanawe.