Mto Unaokubali Pini

Shangazi aliporudi kutoka hospitali, mkono wake wa kushoto ulikuwa umelegea, na mto wake wa kufumia lesi ukamshinda. Ulikuwa wa mviringo kama gogo. Zamani aliupakata, akaubana kwa kiwiko cha kushoto, huku vijiti vyenye uzi vikining'inia na kugonganagongana. Sasa ulimteleza. Ulipoanguka mara ya tatu na vijiti kutapakaa chini ya kitanda, akasema, "Basi. Wape wanaotafuta kuni."

Hakunitazama. Nikajua akiacha lesi leo, kesho hataona sababu ya kuamka.

Nikaamua kumtengenezea mto mwingine, bapa na wa duara kama sinia, wa kuweka mezani bila kubanwa. Vijiti vingelala juu yake vikimsubiri. Nilisomea ushonaji chuoni, kwa hiyo nikajiona fundi. Nilishona mfuko wa buluu, nikaujaza pamba safi, laini. Nilimwonea huruma, sikutaka kitu chochote kigumu kimguse.

Shangazi akachomeka pini ya kushikilia uzi. Ikasimama, ikainama polepole, ikalala. Ya pili vivyo hivyo.

"Mwanangu," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu augue akacheka, mdomo ukienda upande mmoja, "huu ni wa kulalia. Ona, pini zangu zimesinzia."

Nikacheka naye. Kisha nikaenda jikoni nikalia, kwa sababu baada ya kucheka aligeukia ukutani.

Kesho yake nilikwenda kwa seremala, jirani yetu. Kwa haya zangu, nilisimama mlangoni mpaka msumeno ukanyamaza.

"Kimya!" aliniita kwa jina alilonibandika tangu utotoni. "Leo umekuja kununua maneno?"

"Unga wa mbao. Mkavu. Nataka kushindilia mto."

"Mto au tofali?"

"Tofali linalokubali pini."

Nilipomwambia ni wa nani, aliacha utani. Alinichekechea unga usibaki na vibanzi, akaniazima na nyundo ya mbao.

Niliitoa pamba mfukoni, nikashindilia unga siku mbili. Upawa mmoja wa unga, ngumi, nyundo. Upawa mwingine, nyundo tena. Viganja vikaota malengelenge. Kila nilipodhani umejaa, nilimpelekea Shangazi kitandani. Aliugonga kwa kidole, akatega sikio.

"Bado una njaa."

Nikaongeza.

"Bado, mama. Usiubembeleze."

Siku ya pili mchana hakungoja nimpelekee. Nilisikia ndala zake zikiburuzika sakafuni. Alishika ukingo wa meza, akaugonga mto, akatega sikio.

"Umeshiba."

Nikaushona mdomo, nikabandika juu yake karatasi ya mchoro wa lesi yenye vitundu vya pini, nikampa pini. Aliipokea kwa mkono wa kulia, akaitazama, akaihamishia kushoto. Nilitamani kumsaidia, nikaikalia mikono yangu. Pini ilikizunguka kitundu, ikakikosa, ikarudi, ikaingia. Akaikandamiza kwa kidole gumba, kisha akaiachia.

Haikuyumba.

Tulikaa tukiitazama, sote wawili, pini moja tu.

"Haya, lete vijiti," alisema Shangazi. "Na uache kunikodolea macho kama daktari."