Damu ya Nguruwe Namba Ine

Mtaa wetu wote wa Kadutu hakuna anayenishinda kufuga nguruwe. Nimefuga kumi na saba. Kumi na sita walikufa na homa ya nguruwe, na wa kumi na saba alipona kwa sababu wiki ile alikuwa ametoroka.

Basi mujukuu wangu Consolate aliponijia na sindano, sikuringa. Huyu mutoto nilimulea mimi tangu mama yake afariki, hata nguo za masomo nilimushonea mimi. Leo anafanya kazi kwenye labo, na wenzake wanatafuta chanjo ya homa hiyo. Dawa yao haina kirusi kizima. Wanachukua kipande chake kidogo tu.

"Koko, ni kama kumuonyesha paka mukia wa panya," akaniambia. "Mukia hauumi mutu. Lakini siku panya mwenyewe atakuja, paka iko tayari."

"Na nguruwe wangu njo huyo paka?"

"Njo yeye."

"Masikini. Hata kukimbiza kuku hajui."

Akacheka, akamdunga yule wa kumi na saba. Akamtia hereni ya plastiki sikioni, namba ine, maana nguruwe wa kujaribia chanjo walikuwa ine tu, kila mmoja kwa mfugaji wake. Baada ya wiki tatu akarudi na sindano ya pili. Wiki mbili tena, alisema, watakuja kutoa damu, waone kama mwili umejifunza.

Siku ine kabla ya hiyo damu, mvua ikapiga. Kipande cha mulima kikateremka nyuma ya nyumba, kikabeba kibanda na nguruwe wangu ndani. Tulimfukua amekwisha kufa.

Mtu mwenye akili angemwambia Consolate siku ileile. Mimi nilimfikiria vile alivyokonda na ile kazi, nikasema mutoto wangu asilie kwa ajili ya matope. Nikashika mbuzi wangu, nikateremka naye kijiji cha Nyangezi kwa mfugaji mmoja, Papa Aloys, tukabadilishana: mbuzi kwa nguruwe mweusi mwenye baka jeupe kifuani, kama marehemu kabisa. Hereni nikamvalisha yeye. Aliyekuja kutoa damu ni maman mmoja wa labo anayeogopa nguruwe kuliko shetani. Alifanya kazi yake haraka haraka, akaenda zake.

Jumatatu Consolate akaingia bila kusalimia. Akakaa kwenye kigoda, kichwa kwenye magoti.

"Koko, chanjo imeshindwa."

"Nani amesema?"

"Damu. Ya wale tatu imeitika vizuri. Ya nguruwe wenu kimya, kama hajaonaka sindano. Moja kati ya ine, koko! Kesho asubui profesa, mukubwa wetu wa labo, anaamua tuendelee ao tuache. Ataacha."

Damu ile haikuwa na kosa lolote: yule wa Nyangezi hakudungwa hata mara moja! Waliochanjwa na kupimwa ni watatu, na wote watatu walikuwa wamejifunza. Kumbe nilimficha mutoto machozi madogo, nikamletea makubwa. Nikafungua mdomo niseme ukweli. Ukatoka nusu.

"Pengine huyu si yule."

Akainua kichwa. "Munasema nini?"

"Wezi. Unaijua Kadutu yetu. Waliingia, wakabeba yule, wakaacha huyu."

"Wezi waliacha nguruwe?"

"Wa siku hizi wana haya."

"Na hereni?"

"Wakamuvalisha. Ni watu wa mupango."

Machozi yakamkauka. Akasimama, akaenda kwenye kibanda kipya nilichosimamisha mbele ya nyumba, mimi nyuma yake namuomba Bikira Maria alete giza saa sita ya muchana. Akashika sikio la nguruwe, akaligeuza kwenye mwangaza. Hereni ilikuwa imeshonewa pale na uzi wa kijani: mishono midogo, miwili kwenda, mmoja kurudi, na mwishoni fundo kubwa kama punje ya haragi.

Akalipapasa lile fundo kwa kidole. Akatoa simu mfukoni, akatafuta namba ya profesa, lakini kabla hajapiga akaniangalia. Mdomo wake ulikuwa unacheza, sijui kwa kilio ao kwa kicheko.

"Koko," akasema, "miaka sita nilienda ku masomo na uniforme ya mafundo kama hii, watoto wananicheka njia muzima. Huyu mwizi wenu, kushona alifundishwa na nani?"