Mkokoteni wa Swali la Tano

Haya ni kweli tupu. Nikiongeza hata chembe ya chumvi, nifungwe mkanda wa mkokoteni begani nivute mzigo hadi juu ya mwinuko wa ghala, na umri wangu huu, na magoti yangu haya yanayolia kama bawaba. Nilikuwa karani wa mizani pale ghalani miaka thelathini na moja kabla ya kustaafu, na mizani haidanganyi.

Asubuhi hiyo Breki alikuwa katikati ya mwinuko, mkanda umemzama begani, mifuko minane ya saruji nyuma yake. Jina la Breki alilipata kwa kushuka, si kwa kupanda. Kupanda, kila mtu anaweza kujaribu kufa. Lakini kushuka, mzigo ukikusukuma mgongoni kama mkwe mwenye haraka, hapo ndipo wanaume walikuwa wakiruka pembeni na kuuacha uende zake. Yeye hakuwahi kuuacha. Nimewahi kumwona akizuia mzigo mpaka nyayo za viatu zikatoa moshi, nikawashia sigara.

Magurudumu yalikuwa yanapiga kelele hadi mtaa wa pili.

"Nyie mnavuta au mnachinja?" muuza chai akauliza.

"Tunachinja, mama. Lete sufuria," Breki akajibu.

Zamani ghala lilitoa kopo la grisi kila mwezi. Bei ya grisi ilipopanda mara mbili, meneja akasema magurudumu yameshazoea.

Sasa lilikuwa limebandikwa tangazo: mwisho wa mwezi mikokoteni yote inaondolewa, inakuja foklifti moja ya kunyanyulia mizigo, na dereva mmoja. Mvutaji yeyote atakayefaulu mtihani wa fizikia, wa kani na mwendo, atapewa usukani. Asipofaulu mtu, dereva ataletwa kutoka nje. Wavutaji walikuwa kumi na mmoja. Kumi walisema mtihani umewekwa ili wafukuzwe kwa utaratibu mzuri. Breki akajiandikisha. Alikuwa na miaka arobaini na sita, na bega la kulia lilikuwa limeshuka kuliko la kushoto kwa upana wa vidole vitatu.

Binti yake, aliyekuwa kidato cha tatu, alimfundisha wiki tatu nzima, wakiandika nyuma ya karatasi za mifuko ya saruji.

"Baba, kitu kilichotulia hubaki kimetulia mpaka kisukumwe."

"Kama meneja."

"Baba! Andika. Na wakisema puuza msuguano, puuza. Usiulize umeenda wapi."

"Na grisi nani kalipa?"

"Hakuna grisi. Ni hesabu."

Asubuhi hiyo ya mtihani Breki alishusha safari ya tatu saa nne kasoro, akanawa uso kwenye bomba la kuoshea magari, akaingia ofisini. Mlinzi akamzuia: fomu ya mtihani imepanda bei tangu Ijumaa. Kwa nini? Mlinzi hakujua, yeye aliambiwa tu auze. Breki akatoa hela ya chakula cha mchana.

Ofisa wa mafunzo alikuwa mama wa makamo, miwani yake imefungwa kamba, na bahasha tatu za maghala mengine zikimsubiri mezani. Akampa karatasi ya maswali.

Maswali yalikuwa matano, kufaulu ni manne. La kwanza lilikuwa jiwe lililorushwa juu: likifika kileleni, kani gani inalivuta? Breki akaandika hakuna, limepumzika. Kosa. La pili na la nne alipata, ya kusukuma na kusimama. La tatu liliuliza: ukiuvuta mkokoteni, wenyewe unakuvuta kwa kani gani? Hapo hakufikiri. Akapapasa alama ya mkanda begani, akaandika: ileile, upande wa nyuma.

Likabaki la tano, na maisha yake yamekaa juu yake. Mkokoteni wenye tungamo la kilo mia mbili unavutwa kwenye uwanja tambarare kwa kani ya nyutoni mia nne. Puuza msuguano. Tafuta mchapuko.

Mia nne kwa mia mbili, mbili. Mtoto angejibu. Lakini Breki akaendelea na hesabu. Mwendo ukiongezeka mita mbili kila sekunde, baada ya sekunde kumi mkokoteni unakwenda mita ishirini kwa sekunde moja. Atakuwa amelipita lori. Akaiona mikokoteni yote kumi na mmoja ikilipita lori, na meneja akiikimbilia na kopo la grisi. Akafuta mbili. Akaandika: mkokoteni huu hausogei.

Mama yule akasahihisha palepale. "Umekosa. Jibu ni mbili."

"Bosi, twende uani."

Basi wakatoka! Tukapakia mifuko mitatu ya saruji, maana mkokoteni mtupu una kilo hamsini. Mimi mwenyewe nikaleta mizani ya ndoano, nikaifunga mbele. Mama akavua viatu, akavuta. Mizani ikasoma kilo arobaini, ambazo ndizo hizo nyutoni mia nne. Mkokoteni kimya. Akavuta tena, miwani ikaruka ikanasa kwenye waya wa umeme. Kimya. Uwanja mzima ukapiga vigelegele, na mama akaichukua ile karatasi, akaandika juu ya goti lake: amefaulu.

Nikamsomea binti wa Breki hadi hapo, anisahihishie hesabu. Alikuwa anafua sare yake kwenye beseni. Alisikiliza bila kuinua kichwa.

"Babu."

"Naam."

"Mizani ya ndoano iliibwa mwaka juzi. Ulikuja kuomboleza hapa kwetu siku mbili, na chakula ukala."

Nikakohoa.

"Mama yule hakutoka ofisini," akasema. "Baba alinieleza. Alivua miwani, akafikicha macho, akamwambia, 'Najua hausogei, kaka yangu. Huo mwinuko nimeupanda leo. Lakini jibu lililotumwa ni mbili, na mimi siruhusiwi kuongeza.' Akamwonyesha pa kusaini. Baba akasaini. Zilikuwa zimebaki safari sita, akarudi kwenye mkanda."

"Hesabu lakini iko sawa?"

"Hesabu iko sawa." Akakamua sketi mpaka maji yakaisha. "Nilimpa mazoezi ishirini, Babu. Yote alipuuza msuguano, yote alipata. Nani alimwambia asipuuze?"

Yapo maswali ambayo hayahitaji karani. Asubuhi ile ya mtihani nilikuwa kwenye benchi langu getini, Breki akapita na penseli sikioni. Nikamshika mkono. Nikamwambia: wewe umevuta miaka kumi na tisa, usiandike uongo wa watu wa ofisini, andika unachokijua. Nilijisikia mwenye hekima kweli. Nilimpiga hata kofi la mgongo.

"Kule mwanzo umeapa nini?" binti akauliza.

"Hilo nilikuwa nafuta."

"Usifute."

Kesho yake nikaenda ghalani. Zilikuwa zimebaki siku sita za mikokoteni. Dereva mpya alikuwa amekwisha fika, amekaa kwenye kiti cha plastiki akisubiri mashine yake. Breki akanitazama nikivua koti.

"Mzee, acha mchezo, utavunjika."

"Niliapa. Na jibu lako la tano nililiharibu mimi."

Akanivisha mkanda taratibu, kama mtu anayemvalisha mgonjwa. Mifuko mitatu tu. Nikaegemea mbele kwa uzito wangu wote na wa miaka yangu. Mkanda ukanila nyama. Mbele yangu mwinuko, nyuma yangu hakuna kilichotikisika.

"Hausogei," nikasema.

"Puuza msuguano, Mzee."

Hakucheka. Akazunguka nyuma, akaweka lile bega lililoshuka kwenye ubao, magurudumu yakalia, tukaondoka.