Ngoma ya Mlango Wazi

Jumamosi ile asubuhi tulikuwa na kila kitu isipokuwa watu. Turubai lilikuwa limefungwa kwenye nguzo za goli la shule, viti vya plastiki vilikuwa vimepangwa safu kwa safu, spika ilikuwa inakoroma. Mama Angelina na wenzake wa kikundi walikuwa wameshapiga ngoma mpaka jasho likawatoka, na bado waliokuja walikuwa watoto tu, pamoja na mzee mmoja mwenye baiskeli.

"Mgeni gani anakuja?" mzee yule aliniuliza.

"Shikamoo, babu. Hakuna mgeni."

"Marahaba. Sasa ngoma ya nini?"

Nilitaka kumwambia, nikashindwa. Mimi si mtu wa kuzungumza mbele za watu. Hata chuoni Chimwaga, nilikosomea kazi yangu hii ya maendeleo ya jamii, nilikaa karibu na dirisha nikiomba mwalimu asinitaje. Nilimwonyesha Loisi kwa mkono tu. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbele, miaka kumi na mitatu, kitenge kipya, shanga shingoni, macho chini. Mzee alimtazama, akatazama viti vitupu, akapanda baiskeli yake na kuondoka.

Ngoma ilikuwa ya Loisi. Katika kijiji kile, kilichoko mbele ya Zuzu ukiifuata reli, msichana akishavuka utoto hupigiwa muheme. Hizo ni ngoma ndefu ambazo kwa Wagogo wapigaji wake ni wanawake. Wanawake wa vitongoji vingine wakizisikia, huchukua zao na kuja kumpokea kama mwenzao. Wasipokuja, msichana hubaki mtoto machoni pa watu, hata akiolewa, hata akizaa. Lakini tangu zamani ngoma hiyo ilipigwa siku ya kukeketwa. Sheria ilipokataza, ukeketaji ukaingia mafichoni, na ngoma nazo zikanyamaza. Waliokeketwa kwa siri walipokelewa kwa siri.

Loisi hakukeketwa. Alizaliwa Morogoro, baba yake alipokuwa akifanya kazi huko, na waliporudi mama yake, Dorothea, alikataa. Alijiunga na kikundi chetu cha akina mama kwa sababu hiyo. Kikundi kilitaka kitu kimoja: msichana apigiwe ngoma bila kukatwa, mchana, mbele ya kijiji kizima. Loisi angekuwa wa kwanza.

Bibi yake, Bibi Raheli, hakutaka kusikia. Baada ya mavuno alisema atampeleka mjukuu wake kwa ngariba anayemjua, na nyumba ikawaka moto. Mwishowe baba yake Loisi, Stanley, mtu mpole aliyezoea kukaa katikati ya mama yake na mke wake, alitoa neno mbele ya wote wawili. "Wanawake wakija kumpokea hivi alivyo, nimekubali. Wasipokuja mpaka jua linazama, mama ataamua."

Nilipolisikia hilo nilitoa simu niwapigie dawati la jinsia la polisi. Dorothea aliufunika mkono wangu kwa mkono wake. "Wakimchukua bibi, mwanangu atakuwa yule mtoto aliyemfungisha bibi yake jela. Nani atampokea? Nipe siku hii moja, Naima. Ikishindikana, nitapiga mwenyewe."

Basi siku yenyewe ndiyo hiyo, na viti vilikuwa vitupu.

Mama Angelina, kiongozi wa wapigaji, aliinuka na kujifuta uso kwa khanga. Ni mwanamke mrefu, mwenye sauti ya kukwaruza, na hajui kunong'ona.

"Tumejiroga wenyewe," alisema. "Ngoma ya shuleni ni ya wageni. Huko majumbani wanasema, mkuu wa wilaya amekuja, ngoja nimalize kupepeta."

"Lakini tulikubaliana shuleni," mmoja akasema. "Tulisema nyumbani watadhani tunakeketa."

"Tulikubaliana, ndiyo. Na mimi ndiye niliyeshupaa. Sasa tukae hapa tusubiri nini, mbuzi?"

Wote walimgeukia Dorothea. Alikuwa amepiga magoti mbele ya binti yake akimrekebishia shanga ambazo hazikuwa zimeharibika. Aliinuka taratibu.

"Twende nyumbani," alisema.

"Kwa Bibi Raheli?"

"Kwangu. Bibi anaishi kwangu."

Sikuwahi kuona watu wakibeba kitu vile. Waliziweka ngoma vichwani na kupita katikati ya kijiji kwa mstari mmoja, bila wimbo, vumbi la Julai likiwapiga miguuni, na Loisi katikati yao. Mimi nilibeba kigoda. Turubai na spika tuliviacha vikipigwa upepo.

Bibi Raheli alikuwa uani akichambua ulezi kwenye ungo. Alituona tukiingia. Alijigeuza tu, yeye na ungo wake, akatupa mgongo. Stanley alikuwa anatengeneza ukuta wa zizi. Alisimama na fito mkononi, akawa hajui aishushe au aendelee nayo.

Dorothea aliingia ndani ya nyumba, na nikasikia akisukuma vitu. Mlango wa nyumba yake ni wa mbao nzito, na kwa kawaida hurudishiwa kwa ajili ya kuku. Aliufungua mpaka ukagonga ukuta, akauwekea jiwe la kusagia ili usirudi. Kisha akanipokea kigoda, akakiweka nje, mbele ya kizingiti, juani, akamkalisha Loisi hapo. Akaurudisha nyuma kidogo mguu wa kulia wa binti yake, kama anamwandaa kupigwa picha.

"Anayekuja amwone," alisema. "Na anione mimi, na aone ndani."

Mama Angelina alikaa, akaibana ngoma yake kati ya magoti ikaelekea mbele, na wengine wakafuata.

Shuleni nilizisikia kwa masikio. Pale uani nilizisikia kwa mbavu. Nyanda zile hazina kitu cha kuzuia sauti, ni vichaka vifupi na mashamba yaliyokwisha kuvunwa, na mlio ulitoka uani kama kitu chenye miguu ukaenda. Kuku walikimbia. Loisi aliinua macho kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

Walipiga, wakanyamaza kusikiliza. Kimya. Walipiga tena. Bibi Raheli alikuwa anapepeta, na nilimwona anasimamisha ungo kila ngoma ziliponyamaza. Naye alikuwa anasikiliza.

Mara ya tatu, ngoma ziliponyamaza, mlio haukuisha.

Nilidhani ni mwangwi. Nilimtazama Mama Angelina, naye alikuwa ameinua kidole juu na kufumba macho. Mlio ulitoka upande wa korongo, mdogo kama moyo wa mtu unaousikia ukilala kifuani pake.

"Ng'ambo," alinong'ona. Kumbe alijua kunong'ona.

Kisha ukaja mwingine, kutoka kitongoji cha Relini. Kisha upande wa Mnadani, filimbi kwanza, halafu ngoma. Sikuweza kuwaona watu, niliona vumbi tu likiinuka sehemu mbalimbali na kusogea kwetu. Ngoma ambazo zilikuwa zimenyamaza miaka yote ile, zikifichwa darini na kutumika kuhifadhia mbegu za karanga, zilikuwa zote zinaongea mchana kweupe. Nilifikiri, hivi ndivyo sehemu hii ilivyokuwa ikiitana kabla ya simu, na kumbe bado inajua.

Wa Ng'ambo walifika wa kwanza. Wakati mwingine nikisimulia, watu hutaka niruke hapa nifike kwenye shangwe. Lakini wanawake wale walipofika kwenye ua walisimama, na ngoma zao zikakatika. Mbele yao alikuwa mama mmoja mnene mwenye filimbi shingoni, ambaye mwaka jana alitufukuza kwake akituita wauza mila. Alimtazama Loisi. Akautazama mlango. Alitazama ndani, kitanda kilichotandikwa, madumu ya maji, chumba kisicho na mtu.

"Mbona yuko nje?" aliuliza.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba katika siku za zamani msichana hakuonekana siku ya ngoma yake. Alikuwa ndani, mlango umefungwa, na damu.

Dorothea alisimama nyuma ya binti yake na kuweka mikono mabegani mwake. "Yuko nje kwa sababu hana kidonda."

Vumbi la wa Relini lilikuwa limeshafika kwenye miti ya karibu. Bibi Raheli alikuwa ametupa mgongo bado, lakini mikono yake ilikuwa imelala ndani ya ungo. Stanley aliitazama ile fito. Niliomba dua ya kimyakimya, kwa Kirangi, kama mama yangu anavyoomba kule Kondoa mvua zinapochelewa.

Mama mwenye filimbi alimsogelea Loisi mpaka kivuli chake kikamfunika.

"Hana kidonda," alirudia, polepole. "Kwa hiyo anaweza kusimama."

"Anaweza."

"Anaweza kucheza."

"Anaweza, dada."

Yule mama aligeuka kuwatazama wenzake, na uso wake ulikuwa umebadilika, sijui niseme umekuwa wa mtoto. "Mimi ya kwangu niliisikia kupitia ukutani," alisema. "Nilikuwa nimelala, nimefungwa miguu. Nilisikia mama yangu anaimba. Wote walicheza ngoma yangu isipokuwa mimi."

"Hata mimi," akasema mmoja nyuma yake.

"Hata mimi," akasema Mama Angelina, akiwa ameinamia ngoma yake.

Mama mwenye filimbi alimnyooshea Loisi mkono. "Inuka, mwenzetu. Tuione hiyo inavyochezwa."

Loisi alinitazama mimi, sijui kwa nini mimi, labda kwa sababu nami nina aibu. Kisha akainuka.

Alianza vibaya. Miguu haikujua ngoma inataka nini, na kijana mmoja nje ya ua akacheka. Mama Angelina alimtupia macho tu, kicheko kikafa. Halafu mabega ya Loisi yakashika mdundo, shanga zikaanza kuruka kifuani, na wale wa Ng'ambo wakakaa chini na kuzibana ngoma zao. Wa Relini waliingia bila kusimama. Wa Mnadani waliingia. Ua ulijaa mpaka ng'ombe wakasogea ukutani. Mtoto yule mwembamba, ambaye asubuhi hakuweza kuinua macho mbele ya viti vitupu, alikuwa katikati ya wanawake wazima ambao walikuwa wanamtazama kana kwamba kila mmoja alikuwa amepotelewa na kitu na sasa anakiona kinacheza.

Nilijificha nyuma ya mlango wazi, nikalia.

Kutoka hapo ndipo nilipomwona Bibi Raheli akigeuka. Aliinuka kwa kujishika magoti, ungo mkononi, akasimama pembeni ya wachezaji. Alitazama miguu ya mjukuu wake kwa muda mrefu. Sijui alikuwa anaona nini. Mdomo wake ulikuwa unachezacheza, kama mtu anayefuata wimbo aliousikia mahali, zamani, akiwa amelala.

Stanley alimsogelea. "Mama," alisema, "wamekuja."

"Nina macho." Alitazama umati ule, mpaka kule nje ya ua ambako bado watu walikuwa wanakuja. Kisha akamgeukia Dorothea, na sauti yake ilikuwa kali kama siku zote. "Watu wote hawa, umewapikia nini? Unataka waseme mjukuu wangu amepokewa kwa njaa?"

Dorothea alijifunga khanga kiunoni.

"Stanley, chinja yule beberu. Mlenda uko kwangu, nimekausha wa kutosha." Akaniona nyuma ya mlango. "Na wewe binti wa Kondoa, acha kulia juu ya mbao zetu. Ondoa jiwe hapo mlangoni, ndilo la kusagia."

Nilishika jiwe, nikasita. "Mlango utajifunga, bibi."

Aliufikiria mlango. Kisha akaweka ungo wake wa ulezi chini, akaja mwenyewe, na kuuegemea kwa mgongo.

"Saga," alisema. "Mimi nitaushika."