Mistari ya Chaki kwenye Jiwe la Kigombe

Zilibaki siku mbili tu. Alhamisi maofisa wa mambo ya kale wangefika Kigombe kulisajili jiwe, na baada ya hapo hakuna ambaye angethubutu kuligusa. Shaima aliwaandikia barua tatu mpaka wakakubali.

Jiwe lilisimama shambani kwa ami yake, Thuwaini, refu kuliko mtu, limejaa vishimo vilivyochongwa kabla chuma hakijajulikana pwani hii. Mpaka siku hizo wanawake walichota humo maji ya mvua, wakawaogesha watoto waliochelewa kutembea. Hata Castory, mlinzi wa shamba, aliogeshwa hivyo.

"Nyufa zote nimezichora chaki, ami," alisema Shaima, kikombe cha kahawa mkononi. "Wataalamu wajue pa kuziba. Likigongwa hapo, linapasuka."

"Na wakishalisajili, hoteli yangu?"

"Haitajengwa hapo. Lakini fikiria, ami, miaka elfu tatu."

"Nafikiria, mwanangu." Thuwaini akamwongezea kahawa. "Kweli umesoma."

Shaima akarudi kwao Chumbageni moyo mweupe. Aliona ami yake amelainika.

Alhamisi asubuhi aliwatangulia maofisa. Pale liliposimama jiwe palikuwa na rundo la kokoto. Castory ameketi kando yake, nyundo miguuni, viganja vimechubuka.

"Castory, umefanya nini?"

"Nilichoambiwa, dada." Hakuinua uso. "Kaburi la mama liko shamba hilihili. Mzee alisema nichague liondoke lipi, hilo au jiwe."

Thuwaini alikuja taratibu na bakora yake, kanzu imepigwa pasi. Akaokota kipande chenye chaki, akamwekea Shaima kiganjani kama anayempa mtoto kashata.

"Mimi nilihesabu siku tatu za kazi," alisema. "Wewe umeturahisishia. Castory kafuata mistari yako tu, hata adhuhuri haijafika kamaliza. Mkono wako mzuri, mashallah."

Barabarani gari la maofisa lilikuwa linakata kona. Mbele ya Shaima, kwenye njia ya miguu, alikuja mwanamke mwenye kata ya kuchotea maji mkononi, amembeba mgongoni mtoto wa miaka miwili au zaidi, miguu yake myembamba ikining'inia.

Thuwaini akamwelekezea mwanamke huyo bakora.

"Wageni wako hao," alisema. "Anza na huyu."