Saini Mbili za Bwawa la Linden

Meredith Haskell analia vizuri. Nasema hivi kwa kumsifu. Wengi wetu tukilia pua huvimba na sauti hukwaruza, lakini yeye machozi yake hutoka moja moja, kwa adabu, na kitambaa kiko tayari mkononi. Kitabu cha kwanza alilia ukurasa wa ishirini. Kufika kitabu cha tatu alikuwa ameanza kuniita dada.

Kikundi chao cha kusoma kilianza mwaka ule ambao mabango yaliota kwa wingi mtaani kwetu kuliko maua. Kila bustani na bango lake: hapa hatubagui, hapa kila mtu anakaribishwa. Wanawake sita, Wazungu wote, walikutana kwa Meredith Jumanne moja kila mwezi kusoma habari za ubaguzi, wakila jibini na kunywa divai. Baadaye wakagundua kuna upungufu: hakuna Mweusi wa kuwaitikia kwa kichwa. Mimi, Verdell Pettiway, nilikuwa nimepeleka barua katika mtaa huo miaka ishirini na minane, nikastaafu, nikanunua nyumba palepale. Hawakwenda mbali kunitafuta. Nilikubali kwa sababu ya pai ya pichi ya Meredith, na pia, nisiseme uongo, kwa sababu nilikuwa na matumaini.

Mwezi wangu wa nne nao wakaniomba niwasimulie maumivu yangu. Nikawasimulia habari za kaka yangu Lucius. Mwaka 1964 mahakama iliamuru bwawa la mji lifunguliwe kwa watu wote. Wakubwa wa mji wakaitii sheria kwa namna yao: wakalijaza bwawa udongo, wakapanda nyasi juu yake. Kiangazi kilekile Wazungu wakachimba bwawa lao, wakaliita Klabu ya Linden. Lucius, mwenye miaka kumi na moja, akaenda kuogelea kwenye machimbo ya mawe yaliyojaa maji ya mvua. Walimtoa siku ya pili. Mimi nilikuwa na miaka minane, na nilikuwa nimeshika viatu vyake.

Siku hiyo Meredith alilia mpaka kitambaa hakikutosha. Jumapili iliyofuata akasimama kanisani kwao akasimulia habari za Lucius yeye mwenyewe, na nasikia watu walipanga foleni kumpa mkono kwa ujasiri wake.

Sasa nina mjukuu, Nyla, miaka saba, ninayemlea mwenyewe. Anapenda maji, na machimbo yale bado yapo, uzio wake umetoboka. Mahali pekee mjini penye walimu wa kuogelea ni Linden. Klabu haina kanuni hata moja ya kumkataza Mweusi. Sitaki mtu aisingizie. Inachotaka ni familia mpya idhaminiwe na wanachama wawili, watie saini kwenye fomu kabla ya saa sita mchana, Ijumaa ya mwisho ya Mei. Basi. Ila kwa miaka hamsini na minane, bahati mbaya iliyoje, hakuna Mweusi aliyewahi kuwapata hao wawili.

Kila mkutano wa kikundi huisha kwa swali moja. Mei hiyo Meredith aliliuliza kama kawaida, mkono kifuani.

"Sasa, wapenzi, sisi tufanye nini?"

Nikaitoa fomu kwenye mkoba. "Mtie saini. Wawili tu. Nyote sita ni wanachama."

Mtu akatafuna jibini.

"Mimi ningetia hata sasa hivi," alisema Paige, aliyekaa karibu na divai. "Lakini tatizo si fomu, Verdell. Tatizo ni mfumo. Tukimwingiza mtoto mmoja, mfumo si utabaki vilevile?"

"Mfumo hauzami, Paige. Anayezama ni mtoto."

"Na kitabu cha saba kimetuonya," Meredith akaongeza, sauti ya upole kabisa. "Tusijifanye wakombozi. Nikikutilia saini mimi, dada, si ni kama nakupokonya sauti yako?"

"Nipokonye tu, shoga. Nina nyingine nyumbani."

Hawakucheka. Kabla pai haijaisha walikuwa wameunda kamati ya kuandika barua ya kuitafakari fomu. Nikaombwa niwe mjumbe.

Nilirudi nyumbani na hasira hata ufunguo haukuingia mlangoni. Kesho yake nilimweka Nyla uani, uso ndani ya beseni la kufulia, ajifunze kuzuia pumzi. Ng'ambo ya uzio alisimama Gene Stolz, jirani yangu. Gene hana bango. Ana bendera kubwa kama shuka, na ugomvi wa miaka mitatu na mbwa wangu.

"Unamfundisha kuogelea au unamwosha?"

"Vyote viwili."

"Linden kuna walimu."

"Linden kuna fomu," nikamwambia.

Akanyoosha mkono juu ya uzio. Nikadhani anatania. Nilipomletea fomu aliiegemeza kwenye nguzo, akaisoma yote, akatia saini kwenye mstari wa mwanachama wa kwanza.

"Lori la udongo aliliendesha baba yangu," akasema, bila kunitazama. "Udongo wa bwawa la mji. Nilikuwa na miaka sita, nimekaa naye mbele. Nikadhani ni sherehe. Honi nilikuwa napiga mimi."

Akanirudishia fomu juu ya uzio.

"Na huyo mbwa akae kwako," akasema, akaingia ndani.

Sitamvika taji. Mtu aliyeogelea Linden tangu utotoni bila kuuliza mbona wenzake wote ni weupe hawi mtakatifu kwa saini moja. Lakini saini ilikuwepo, kwa wino. Nilikaa kitandani nikamchukia baba yake na kumshukuru yeye, yote kwa pamoja, na sikujua nianze na lipi.

Ijumaa saa tano na nusu nilibisha kwa Meredith. Wale wengine wanne walikuwa wamesafiri, wameugua, au hawakusikia mlango. Paige alikuwa kwenye kamati. Meredith aliiona fomu, akauona mstari mmoja mtupu, macho yakaanza kujaa.

"Usiililie karatasi," nikamwambia. "Wino utasambaa."

"Hunielewi, Verdell. Wale watu naonana nao kila siku. Watoto wangu wamekulia kwenye lile bwawa. Watanitazama."

Hakuniita dada. Kwa miezi kumi na minne lilikuwa ndilo neno la kweli la kwanza kutoka kwake, nikamheshimu kwa dakika moja nzima.

"Ni kweli, watakutazama. Utazoea. Sisi tumezoea."

"Mwakani nitatia. Nakuapia."

"Sawa. Basi nirudishie Lucius."

"Nini?"

"Ulimchukua ukampeleka kanisani kwenu, ukapewa mikono kwa ajili yake. Namtaka. Keshokutwa Jumapili, simama palepale useme: dada yake Lucius aliniomba saini moja ili mjukuu wake asife kama yule, nikamwambia mwakani. Nitakuja kukusikiliza. Nitakaa mstari wa mbele."

Machozi yake yakakauka papo hapo. Kumbe yana bomba. Akaitazama fomu, akaitazama saa ya ukutani, akaniuliza kama nina kalamu.

Vitabu kumi na vinne tulisoma. Kilichomsukuma ni Jumapili moja. Alipomaliza kuandika alifungua mikono, akingoja nimkumbatie na pengine nimpe pole.

"Nina dakika ishirini," nikamwambia, nikashuka ngazi.

Siku Linden ilipofunguliwa, familia mbili zilikumbuka ghafla kwamba zimeacha chungu jikoni. Meredith alizunguka kwa waliobaki akiwaeleza ni nani aliyetudhamini. Gene alikuwa kwenye maji ya kina, hakunisalimia. Mwalimu, binti mwenye filimbi shingoni, alimshika Nyla kiuno, na mimi nilikaa kwenye kiti cha plastiki nimeshika viatu vyake kwa mikono miwili.

Wiki ya nne akaelea chali. Mwalimu aliondoa mkono, na mtoto akabaki juu ya maji, tumbo likipanda na kushuka. Nililia. Nililia vibaya, pua ikavimba, na kitambaa sikuwa nacho.

Nyla akaja ukingoni, kope zinadondosha maji.

"Bibi, ingia nawe."

"Sijui kuogelea."

Akanitazama kama mtu aliyeambiwa bibi yake hajui kusoma. "Ukubwa wote huo? Kwani hukufundishwa?"

"Fomu yangu ilikosa saini," nikamwambia.